Rais Aliyerudi Kuketi Bungeni

Tukitaja marais wa zamani wa Marekani wengi wetu tunamkumbuka George Washington, na labda Abraham Lincoln aliyekuja baadaye sana. Wiki hii nataka nikuletee yule wa sita, John Quincy Adams. Kama rais, nisikufiche, hakufanya makubwa. Miaka yake minne ilikuwa ya kugonga ukuta kila upande. Mimi ninachokipenda katika maisha yake kilianza baada ya wananchi kumnyima kura.

Alizaliwa tarehe 11 Julai 1767 huko Braintree, Massachusetts, mahali ambapo siku hizi panaitwa Quincy. Baba yake, John Adams, ndiye aliyekuja kuwa rais wa pili. Mama yake Abigail alikuwa mwanamke wa msimamo, si wa kubembeleza mtoto. Mwezi Juni 1775, kijana akiwa hajatimiza hata miaka minane, walipanda pamoja kilima karibu na nyumbani wakatazama kwa mbali moto na moshi wa vita vya Bunker Hill. Siku hiyo haikumtoka akilini mpaka uzeeni. Akiwa na miaka 10 alivuka bahari na baba yake kwenda Ufaransa. Akiwa na miaka 14, yaani umri ambao sisi tunaona mtoto bado ni wa kutumwa dukani, alikuwa St. Petersburg kule Urusi, karani na mkalimani wa Kifaransa wa mjumbe wa nchi yake.

Kazi alizofanya baada ya hapo ni nyingi mno, nitazipitia mbio. Alisoma Harvard, akawa wakili, akawa balozi Uholanzi na Prussia, akawa seneta, kisha balozi Urusi na Uingereza. Mwaka 1814 aliongoza wajumbe waliofanya mapatano na Waingereza mjini Ghent, vita vikaisha. Kuanzia 1817 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Rais Monroe, na wako wanaosema hajatokea mwingine aliyeifanya kazi hiyo vizuri kumshinda. Huko kwenye useneta kuna jambo moja nisiliruke. Rais Jefferson alikuwa wa chama kingine, lakini Adams alimuunga mkono alipozuia biashara ya meli na nchi za nje, hatua iliyowaumiza wafanyabiashara wa kwao Massachusetts. Chama chake kilimkasirikia, kikamchagua mtu wa kumrithi hata kabla muda wake haujaisha. Yeye akajiuzulu, akaenda zake.

Alikuwa mtu wa kuamka kabla ya jua, anasoma sura kadhaa za Biblia, ndipo anaanza kazi. Akiwa Urusi alimwandikia mwanawe wa kwanza, George, barua ndefu za kumfundisha namna ya kuisoma Biblia. Barua hizo ni nzuri. Lakini ngoja nikuulize, mzazi mwenzangu: huyo George alikuwa wapi? Alikuwa ameachwa Massachusetts kwa jamaa, yeye na mdogo wake John, kwa karibu miaka sita, baba na mama wakiwa ng'ambo. Huko huko Urusi walimzika binti yao mchanga mwaka 1812. Mama yao, Louisa, hakuwahi kulisahau jambo la kutenganishwa na wanawe. Nikizisoma habari hizi namheshimu mzee Adams, lakini moyo wangu unabaki kwa Louisa.

Sasa tufike kwenye urais. Uchaguzi wa 1824 ulikuwa na wagombea wanne, na hakuna aliyepata zaidi ya nusu ya kura za wajumbe wa majimbo. Andrew Jackson alipata 99, Adams 84, Crawford 41, Clay 37. Katiba yao inasema ikiwa hivyo, Baraza la Wawakilishi linachagua kati ya watatu wa kwanza, kila jimbo kura moja. Clay, aliyekuwa Spika, akamuunga mkono Adams, na Adams akashinda kwa majimbo 13 kati ya 24. Siku chache baadaye akamteua Clay kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Unaona shida ilipoingia? Watu wa Jackson walipiga kelele kwamba urais umeuzwa, na kelele hizo hazikunyamaza miaka minne. Hakuna aliyeonyesha ushahidi wa mapatano, lakini hata kama mikono ilikuwa safi, uamuzi ule haukuwa wa busara. Adams aliomba barabara, mifereji, chuo kikuu cha taifa na nyumba ya kutazamia nyota. Bunge likamnyima mengi, hata wengine wakamcheka. Mwaka 1828 Jackson alimshinda kwa kura 178 kwa 83.

Karibu miezi miwili baada ya kuondoka Ikulu, George, yule wa barua, alizama baharini kutoka kwenye meli ya mvuke usiku. Alikuwa na miaka 28, ana madeni, amezama pia kwenye pombe, na wengi waliamini alijirusha. Baba mtu alikuwa amemwita aje awasaidie kuhama. Huo ndio mwaka wa Adams wa 1829: hana kazi, amefiwa na mwana, na nusu ya nchi inamwita mwizi wa kura.

Watu wa wilaya yake wakamwendea mwaka 1830 wakamwomba agombee ubunge. Mkewe hakutaka. Mwanawe Charles aliona ni aibu, rais mzima kwenda kukaa kiti cha mbunge wa kawaida. Adams akasema kumtumikia mwananchi hakumshushi mtu yeyote. Akashinda, akaapishwa Desemba 1831, akiwa na miaka 64. Alikaa humo miaka 17 mpaka kufa.

Kuhusu utumwa, tuseme ukweli. Adams hakuwahi kumiliki mtumwa, na katika shajara yake aliuandika utumwa kuwa uovu tangu 1820. Lakini aliyaandika hayo faraghani. Hadharani alinyamaza miaka na miaka, kwa sababu kazi za serikali zilihitaji urafiki na watu wa Kusini. Hata alipowasilisha bungeni maombi ya kwanza ya Waquaker wa Pennsylvania dhidi ya utumwa, alisema yeye mwenyewe hayaungi mkono. Kilichombadilisha ni pale Bunge, Mei 1836, lilipopitisha kanuni kwamba ombi lolote linalogusa utumwa liwekwe mezani, lisisomwe wala kujadiliwa. Yaani mwananchi anaandika, anatia sahihi, na karatasi yake inafia pale! Hapo mzee akawaka.

Kila kikao alikuja na rundo la maombi, ya wanawake, ya mafundi, ya makanisa. Spika anamwambia kaa chini, anachomoa lingine. Siku moja ya 1837 akauliza kwa upole kama kanuni inazuia ombi lililotoka kwa watumwa wenyewe. Ukumbi ukalipuka, wakataka aadhibiwe papo hapo. Walipomaliza kupiga kelele akawaeleza kwamba ombi lenyewe lilikuwa linapinga kukomeshwa kwa utumwa. Mwaka 1842 wakajaribu kumkemea rasmi. Akajitetea karibu wiki mbili mpaka wao wenyewe wakachoka. Tarehe 3 Desemba 1844 ile kanuni ikafutwa, kwa hoja yake.

Katikati ya mapambano hayo ndipo ikaja kesi ya Amistad. Waafrika 53, wengi wao Wamende kutoka eneo la Sierra Leone, watoto wanne wakiwemo, walikuwa wameibwa na kuuzwa Cuba. Mwaka 1839, wakisafirishwa katika meli hiyo, waliasi wakiongozwa na Sengbe Pieh. Waliwaamuru Wahispania waelekee jua linapochomoza, kwao. Mchana meli ilienda mashariki. Usiku Wahispania waliigeuza kaskazini, mpaka ikakamatwa karibu na New York. Wakatupwa jela Connecticut. Mahakama za chini zikasema ni watu huru, serikali ya Rais Van Buren ikakata rufaa.

Adams alikuwa na miaka 73, mikono inatetemeka, na hakuwa amesimama mbele ya Mahakama ya Juu zaidi ya miaka 30. Aliogopa kuwaharibia. Mtoto mmoja wao, Kale, aliyejifunza Kiingereza akiwa kizuizini, alimwandikia barua akiomba wawekwe huru. Mzee akasimama Februari 24 na Machi 1, 1841, akazungumza kwa jumla ya saa nane hivi, akiikemea serikali kwa kuegemea upande mmoja mahali palipotakiwa haki. Machi 9 majaji wakatoa uamuzi: hawa ni watu huru. Serikali haikutoa hata senti ya nauli. Waumini na marafiki wakachanga. Waliobaki hai, 35, wakasafiri Novemba. Kabla ya kuondoka walimpelekea Adams zawadi ya Biblia, na mpaka leo imehifadhiwa Quincy.

Februari 21, 1848, akiwa na miaka 80, Bunge lilikuwa linapiga kura kuwatukuza majenerali wa vita vya Mexico, vita alivyovipinga. Alijibu hapana kwa sauti. Baadaye kidogo alijaribu kuinuka, akaanguka kwenye kiti chake. Miongoni mwa wabunge wa kikao hicho alikuwa Lincoln, ambaye bado hakujulikana sana. Wakambeba hadi chumba cha Spika. Louisa alipofika, mumewe hakumtambua tena. Alikata roho Februari 23, hapo hapo ndani ya jengo la Bunge, akapelekwa Quincy kuzikwa walipolala baba yake na mama yake.