Sinan, askari aliyeziegemeza kuba za Istanbul

Wanafunzi wangu wa maarifa ya Uislamu huniuliza kama ni kweli Waislamu walichukua tu kanisa la Hagia Sophia wakaliita msikiti. Huwajibu kwa kuwasimulia habari za Mimar Sinan, Allah amrehemu.

Alizaliwa mwishoni mwa karne ya 15 karibu na Kayseri, katika familia ya Kikristo. Dola ya Uthmaniya ilimchukua akiwa kijana, akasilimu na kuwa askari. (Utaratibu ule wa kuchukua watoto wa watu mimi siutetei.) Vitani alijenga madaraja. Mwaka 1539, akikaribia miaka 50, umri ambao wengi wetu tunahesabu pensheni, Sultani Suleiman alimfanya mkuu wa wajenzi wa dola.

Sasa tuje kwenye kuba. Kuba ya matofali au mawe haielemei chini tu, bali husukuma kuta kwa nje, mithili ya ngazi mbili zilizoegemeana kwenye sakafu ya utelezi. Usipozizuia miguuni, zitatanuka zianguke. Hagia Sophia ilikamilika mwaka 537 ikiwa na kuba bapa mno, na mwaka 558, baada ya matetemeko, ikaporomoka. Ya pili ilinyanyuliwa zaidi, lakini nayo ilimeguka katika karne ya 10 na ya 14.

Sinan alilisoma jengo hilo vizuri. Katika Süleymaniye (1550-1557) aliibeba kuba kwa nguzo nne nene, akaiegemeza kwa nusu-kuba mbili. Kule Edirne, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, aliijenga Selimiye yenye kuba ya upana wa mita 31 hivi juu ya nguzo nane. Na mwaka 1573 Sultani Selim II alipoamuru Hagia Sophia ikarabatiwe, kazi alipewa yeye. Zilivunjwa nyumba zilizobanana na kuta zake, akaziongezea kuta hizo miega ya mawe kwa nje.

Wanaosema hakuna kazi yake iliyowahi kutikisika wanatia chumvi. Msikiti wake wa Mihrimah, Edirnekapı, wenye madirisha mengi, uliharibiwa na tetemeko mwaka 1894 na tena 1999. Lakini sisi tukichangishana kujenga msikiti huulizana bei ya marumaru na mazulia. Nani huuliza habari za mhandisi?

Sinan alifariki mwaka 1588. Kaburi lake, dogo tu, liko pembeni ya Süleymaniye.