ALEC REEVES: Jamaa aliyegeuza sauti kuwa namba, akatuachia ugomvi na saa

Haya wadau, wiki hii namleta mtu ambaye ukimtaja kijiweni utaangaliwa tu, lakini mafundi wa simu wanamheshimu ile mbaya. Mwaka 1969 Posta ya Uingereza ilitoa mpaka stempu kwa ajili ya ugunduzi wake. Anaitwa Alec Harley Reeves. Kila simu unayopiga na kila wimbo unaoshusha hapo kwenye kompyuta uliyokaa, vimepita kwenye wazo la huyu mzee.

Kwa nini nimemkumbuka? Kuna mshkaji wangu kajiundia strima ya muziki. Kachukua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, juu yake kapachika kadi ya DAC, yaani kile kidude kinachorudisha namba kuwa sauti, halafu akaunga kwenye amplifaya. Anasikiliza redio za mtandaoni. Muziki unapiga bomba kabisa, halafu ghafla... tik! Unaendelea vizuri, baada ya robo saa hivi, tik tena. Kabadilisha waya, kabadilisha spika, kanunua mpaka chaja mpya. Tik iko palepale. Ile tik ina historia ndefu, ndiyo hii.

Reeves alizaliwa tarehe 10 Machi 1902 huko Redhill, kusini mwa London. Alisomea uhandisi, na mwaka 1923 akaajiriwa na International Western Electric, kampuni ambayo miaka miwili baadaye ilichukuliwa na ITT ya Marekani. Akiwa bado kijana mdogo alikuwa kwenye kazi ya simu ya redio ya kuvuka Atlantiki, ile huduma iliyofunguliwa Januari 1927 kati ya London na New York. Baadaye akahamia Paris, kwenye maabara ya ITT.

Sasa tatizo la simu za masafa marefu enzi hizo lilikuwa hivi. Sauti inasafiri kwenye waya kama wimbi, njiani inachoka, kwa hiyo unaweka amplifaya iikuze. Lakini amplifaya haina akili. Inakuza sauti, na inakuza na mchacharizo uliookotwa njiani. Amplifaya ya pili inakuza mchacharizo wa ya kwanza. Wale mliosoma kwa notisi za fotokopi mnanielewa: fotokopi ya fotokopi ya fotokopi, mwisho huoni kama ni herufi au ni inzi kafa kwenye karatasi.

Mwaka 1937 Reeves akaja na wazo ambalo mpaka leo linanishangaza kwa urahisi wake. Acha kutuma wimbi. Lipime. Kila baada ya kipindi kilekile kidogo, angalia wimbi lina kimo gani, kiandike kama namba, halafu tuma hiyo namba kwa mapigo ya umeme: pigo lipo au halipo. Basi. Kituo cha njiani hakikuzi tena uchafu. Kinajiuliza swali moja tu, pigo lipo au halipo, halafu kinatuma pigo jipya, safi. Ni sawa na mtu kukaa chini akanakili notisi upya kwa mkono badala ya kuzipiga fotokopi. Njia hii ndiyo inaitwa PCM. Aliiombea patenti Ufaransa Oktoba 1938, na ya Marekani ikatoka Februari 1942.

Lakini rudi usome tena hapo juu, pale niliposema kila baada ya kipindi kilekile. Hapo ndipo saa ilipoingia kwenye muziki. Namba hazisemi zisomwe lini. Anayepima na anayesoma lazima waende kwa mwendo mmoja. Reeves aliifukuza kelele ya njiani mlangoni, saa ikaingilia dirishani.

CD inapima mara 44,100 kwa sekunde. Ndani ya strima, namba zinakwenda kwenye DAC kwa nyaya tatu: moja ina data, moja inapiga mwendo wa kila biti, na moja inasema hii ni ya kushoto, hii ya kulia. Nyaya mbili kati ya tatu ni saa tupu! Kwa hiyo ukikosea saa, dalili zinajionyesha zenyewe. Wimbo ukikimbia na mwimbaji akawa na sauti nyembamba kama katuni, mara nyingi ni muziki wa 44,100 unachezwa kwa mwendo wa 48,000. Ukipata mchacharizo mkali unaofuata muziki, huenda kadi na kompyuta hazijakubaliana biti ya kwanza inaanzia wapi. Ukisikia mvumo wa chini usiokoma hata muziki ukisimama, achana na saa, kaangalie waya wa ethi na umeme, maana huo uko upande wa wimbi na siyo upande wa namba.

Turudi kwa mzee. Paris ilipotekwa na Wajerumani mwaka 1940, Reeves alikuwa amekimbia, akarudi Uingereza. Hakuwa mtu wa vita na mwanzoni hakutaka kabisa kutengeneza silaha za kushambulia. Baadaye akakubali, akiamini kwamba bomu likilengwa sawasawa litaua raia wachache zaidi. Yeye na Frank Jones wakaunda mtambo ulioitwa Oboe. Kituo cha ardhini kinatuma pigo la redio, ndege inalirudisha, na muda wa kwenda na kurudi unakwambia ndege iko umbali gani. Kituo kimoja kinaifanya ndege ifuate mstari, cha pili kinasema dondosha sasa. Ukikosea muda kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umekosea mita 150. Unaona? Saa tena.

Oboe ilianza kutumika vitani Desemba 1942 na ilikuwa sahihi kuliko vifaa vingine vyote vya kulengea usiku enzi zile. Ila ilikuwa na uwezo wa kuongoza ndege moja moja tu. Kwa hiyo ndege zenye Oboe zikawa zinaangusha taa za alama, na mamia ya ndege nyingine zinamwaga mabomu juu ya hizo alama. Kuanzia Machi 1943 miji ya Ruhr, Ujerumani, ilichomwa kwa mtindo huo, ikianza na Essen. Sasa sijui mnaonaje wadau, lakini mimi hapo nilisimama kidogo. Mtu kaingia kwenye kazi akitaka wafe wachache, usahihi wake ukatumika kuelekeza mabomu kwenye mji mzima.

Vita hiyohiyo ndiyo ilionyesha sauti ya namba inafanya kazi. Mwaka 1943 Wamarekani walijenga SIGSALY, simu ya siri kati ya Washington na London, mtambo wa zaidi ya tani 50, uliogeuza sauti kuwa namba. Ufunguo wa siri ulikuwa kelele iliyorekodiwa kwenye santuri mbili zinazofanana, moja kila upande wa bahari. Santuri hizo ilibidi zizunguke pamoja sawasawa, na mwendo wake uliongozwa na kristali. Zikiachana kidogo tu, wakubwa wanasikia makelele matupu.

Ambacho kinaniuma ni patenti. PCM ya Reeves ilihitaji valvu nyingi mno, zile taa za vioo, kwa hiyo ilikuwa ghali hata kuijaribu. Transista ikagunduliwa mwaka 1947, ikachukua muda kushuka bei. Marekani ilipoanza kuitumia PCM kwenye laini za simu za kawaida mwaka 1962, mazungumzo 24 kwa jozi mbili tu za waya, ile patenti ya Februari 1942 ilikuwa imeisha muda wake tangu 1959. Miaka mitatu tu! Aliwahi mno.

Yeye hakukaa kulia. Kwenye maabara za STL, mwisho kule Harlow, alishikilia kwamba mawasiliano ya baadaye yatapita kwenye mwanga. Chini ya utafiti huo ndipo Charles Kao na George Hockham walipoandika mwaka 1966 kwamba uzi wa kioo kisafi unaweza kubeba simu. Kao alipewa Nobel mwaka 2009, na mwaka huohuo, Julai, nyaya za kioo za SEACOM zikawashwa Mombasa na Dar es Salaam. Waliokuwa wanasubiri ukurasa ufunguke kwa setilaiti wanajua tofauti yake.

Alikuwa na mambo yake pia. Aliamini roho za waliokufa zinaweza kuwasiliana na walio hai, na kwamba Michael Faraday, mwanasayansi aliyefariki 1867, anamsaidia kwenye utafiti. Muda wake mwingine aliutumia kusaidia vijana na wafungwa. Alifariki tarehe 13 Oktoba 1971 akiwa na miaka 69. CD ilikuja sokoni 1982.

Sasa ile tik. Kristali ya kule redioni na kristali ya kwenye DAC ya mshkaji hazifanani kabisa. Tuseme zinapishana sehemu 50 kwa milioni. Kwenye 44,100 hiyo ni kama namba mbili kila sekunde. Namba zikija zinasubiri kwenye bafa, kama ndoo: bomba linajaza, wewe unachota. Ukichota haraka kidogo kuliko bomba, ndoo itakauka tu hata iwe kubwa vipi. Bafa yenye akiba ya namba 2,200 inakauka baada ya dakika 16 au 17 hivi. Tik! Inajazwa, inaanza upya. Ndiyo maana ilikuwa inakuja kwa zamu. Tik zinazokuja ovyo ovyo ni habari nyingine, hapo shuku mtandao unaokatika, kompyuta iliyoelemewa au umeme usiotosha.

Nilimwambia aweke wimbo kwenye kadi ya kumbukumbu, acheze saa nzima bila redio. Hakuna tik hata moja, maana hapo DAC inavuta namba kwa mwendo wake yenyewe, hakuna saa ya pili ya kugombana nayo. Kadi yake nayo ilikuwa inategemea saa ya Raspberry Pi, ambayo haigawanyiki kamili kupata mwendo wa CD, kwa hiyo mapigo yanatetereka, moja fupi, jingine refu. Hilo halileti tik, linachafua sauti kiaina. Akanunua kadi yenye kristali zake mbili, megahezi 22.5792 kwa ukoo wa 44,100 na 24.576 kwa ukoo wa 48,000, kadi ikawa ndiyo bosi wa saa. Nyaya akazifupisha, kila moja akaipa ethi yake jirani.

Tik ilibaki kwenye redio tu, kama nilivyomwambia. Akaweka programu inayoangalia kina cha ndoo na kubadili mwendo wa kusoma kidogo kidogo, kiasi ambacho sikio halikamati. Jana kaniita tukasikilize. Tulikaa saa mbili na nusu na hatukusikia tik. Mwenye strima inayosumbua aandike hapo chini, ila aseme kwanza: tik zako zinakuja kwa zamu au ovyo ovyo?