Karpechenko, Aliyeozesha Figili na Kabeji

Ukila sukuma wiki leo jioni ujue ya kwamba kila chembe ya jani lile ina kromosomu 18. Kabeji ni ndugu yake wa toka nitoke, nayo ina 18. Figili pia 18. Hesabu hiyo ndiyo iliyompa jina Georgy Karpechenko.

Alizaliwa mwaka wa 1899 katika mji wa Velsk, kaskazini mwa Urusi. Baadaye alifanya kazi Leningrad chini ya Nikolai Vavilov, yule bingwa aliyekusanya mbegu kutoka pembe nyingi za dunia. Alijaribu kuozesha figili na kabeji kwa kuhamisha chavua kutoka ua hili hadi lile. Chotara wakaota vizuri, lakini wapi! Karibu wote walikuwa tasa. Walipata kromosomu 9 za figili na 9 za kabeji, na wakati wa kujipanga mbili mbili ili ua litoe chavua na mayai, hakuna iliyoona mwenzake. Ni kama dansi ambayo kila mtu amekuja peke yake.

Hata hivyo, mbegu chache zilipatikana. Karpechenko akazipanda, akachungulia kwa darubini, akahesabu: 36! Kromosomu zote zilikuwa zimeongezeka maradufu, kila moja na jozi yake, na mmea ukazaa bila taabu. Habari hizo alizichapisha mwaka wa 1928. Maganda ya mbegu yalikuwa nusu figili, nusu kabeji. Kwa chakula, kusema kweli, mmea haukuwa na faida. Lakini binadamu alikuwa ameunda aina mpya ya mmea, na kwa maoni yangu hilo lapita mboga. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyoleta ngano ya chapati zetu, yenye kromosomu 42, na okidi mwitu kadhaa za Ulaya zenye 80 ilhali jamaa zao wana 40.

Siku hizo Trofim Lysenko, kipenzi cha Stalin, aliipiga vita elimu ya jeni. Vavilov alikamatwa mwaka wa 1940, akafia gerezani 1943. Karpechenko alikamatwa Februari 1941, na tarehe 28 Julai akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 42 tu. Mwaka wa 1956, Stalin akiwa ameshakufa, serikali ile ile ikatangaza kwamba hakuwa na hatia.