Luigi Broglio wa Ngomeni na Mwanga wa Vitu vya Moto

Luigi Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 katika mji wa Mestre, karibu na Venice, nchini Italia. Alisomea uhandisi, akalitumikia jeshi la anga la nchi yake hadi akafikia cheo cha jenerali, na wakati huohuo akawa profesa na mkuu wa shule ya uhandisi wa anga katika Chuo Kikuu cha Roma. Waitalia humhesabu kuwa baba wa safari za anga za nchi yao. Wakazi wa pwani ya Malindi wana sababu yao ya kumkumbuka: kutoka katika bahari ya Ngomeni, kikosi alichokiongoza kilirusha chombo kilichoufunulia ulimwengu joto lisiloonekana kwa macho, na chombo hicho kilibeba jina la Kiswahili.

Mwaka 1962 Italia na Marekani zilikubaliana kwamba Wamarekani watoe roketi aina ya Scout na mafunzo, nao Waitalia waunde satelaiti na kuirusha wenyewe. Satelaiti ya San Marco 1 ilirushwa na kikosi cha Broglio tarehe 15 Desemba 1964 kutoka kisiwa cha Wallops, Marekani. Hata hivyo, Broglio alitaka mahali pa kurushia palipo karibu na ikweta. Hapo dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki huanza safari ikiwa imekwisha kukopeshwa kasi hiyo, mithili ya mtu arushaye jiwe mbele akiwa ndani ya chombo kiendacho mbio. Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na mashariki yake ni bahari tupu. Huko yalisimamishwa majukwaa mawili juu ya miguu ya chuma: San Marco la kurushia na Santa Rita la kuongozea. Tarehe 26 Aprili 1967 satelaiti ya San Marco 2 iliondoka hapo, nayo ikawa ya kwanza duniani kurushwa kutoka jukwaa la baharini. Ndani yake mlikuwa na mizani aliyoibuni Broglio mwenyewe ili kupima uzito wa hewa ya juu kabisa.

Kilele cha kazi hiyo kilifika tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru. Satelaiti ya Kimarekani yenye uzito wa kilo 140 hivi ilirushwa kutoka Ngomeni, nayo ikaitwa Uhuru kwa heshima ya nchi mwenyeji. Thamani ya ilichokiona haieleweki bila kwanza kurudi kwenye kiwanda cha mhunzi.

Kila kitu chenye joto hutoa mnururisho. Chembe zake hutikisika bila kukoma, na kwa kuwa ndani yake mna chaji za umeme, mtikisiko huo hutoa mawimbi. Chuma kilichoanza tu kupashwa moto hakiwaki, lakini mkono ukikisogelea huhisi joto: hayo ni mawimbi ya infraredi, marefu mno kwa jicho la mwanadamu. Mvukuto ukiendelea kuvuma, chuma huwa chekundu, kisha cha rangi ya machungwa, kisha cha manjano, na hatimaye hukaribia weupe. Hapa pana kanuni mbili. Ya kwanza, kadiri kitu kinavyozidi joto ndivyo kinavyotoa mnururisho mwingi zaidi. Joto likipimwa kwa vipimo vya Kelvini, likiongezeka maradufu mnururisho huongezeka mara 16. Ya pili, mawimbi yanayotia fora huwa mafupi zaidi. Mwili wa binadamu, wenye nyuzi 37 za Selsiasi, hung'aa kwa infraredi tu. Uso wa jua, wenye nyuzi 5,500 hivi, hung'aa kwa mwanga unaoonekana. Mwaka 1900 Mjerumani Max Planck alipata mlinganyo mmoja unaozieleza kanuni zote mbili.

Joto likifikia mamilioni ya nyuzi, mawimbi huwa mafupi kiasi cha kuitwa eksirei. Angahewa ya dunia huzizuia, jambo ambalo ni kinga kwa viumbe lakini ni pazia kwa mtazamaji. Uhuru ilipanda juu ya pazia hilo. Kufikia 1973 ilikuwa imekusanya habari za vyanzo 339 vya eksirei. Baadhi ni nyota zilizojikunja ambazo huvuta gesi ya nyota jirani, na gesi hiyo hupata joto kali inapoanguka. Vingine ni gesi iliyotanda kati ya galaksi, yenye mamilioni mengi ya nyuzi. Gesi hii ni nyepesi mno, kwa hiyo haitoi mnururisho kwa namna ileile ya chuma, lakini bado joto lake ndilo linaloitangaza. Riccardo Giacconi, aliyewaongoza wanasayansi wa Uhuru, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Satelaiti tisa zilirushwa kutoka Ngomeni, ya mwisho tarehe 25 Machi 1988. Tangu hapo majukwaa yamenyamaza, ingawa kituo cha nchi kavu kimeendelea kuwasiliana na satelaiti. Broglio alifariki Roma tarehe 14 Januari 2001, na kituo hicho kikapewa jina lake.

Vyanzo vilivyoorodheshwa na Uhuru vingali vikitambulishwa kwa alama ya 4U, na herufi hiyo ni ya neno la Kiswahili. Neno limetangulia angani. Maelezo ya kile lilichokiona yamebaki kwa sehemu kubwa katika lugha za wengine. Deni hilo si la Broglio. Yeye alitimiza sehemu yake kwa chuma na moto. Iliyosalia ni kazi ya wanaokisoma na kukifundisha Kiswahili, ili mtoto wa Ngomeni aelezwe kwa lugha yake ni nini kilichoonekana kutoka baharini kwao.