As-Sufi na Tanga la Safina

Mabaharia wa mwambao wetu wanaijua nyota ya Suheli, ing'aayo upande wa kusini hata upande wenyewe ukaitwa kwa jina lake. Miongoni mwa walioieleza vitabuni ni mwanachuoni wa falaki, Abdurrahman as-Sufi.

Alizaliwa mwaka 903 (291 Hijria) katika mji wa Rayy, Uajemi, akafanya kazi Isfahan na Shiraz chini ya Amiri Adud al-Dawla, aliyekuwa mwanafunzi wake. Zama zile wengi waliojidai kuzijua nyota walinakili tu maneno ya Ptolemy wa Iskandaria, bila ya kuinua macho. As-Sufi hakumdharau Mgiriki yule, lakini alitoka usiku akaziangalia nyota moja moja, na mwangaza uliokosewa akausahihisha.

Mnamo mwaka 964 alikamilisha Kitabu cha Sura za Nyota: makundi 48, kila moja limechorwa mara mbili, kama lionekanavyo mbinguni na kama lilivyo juu ya tufe, pamoja na majina ya Waarabu wenyewe. Alifariki mwaka 986 (376 Hijria). Mwezini liko shimo kubwa lenye jina lake kwa matamshi ya Kilatini, Azophi.

Kundi mojawapo ni Safina, na Suheli imo katika usukani wake. Wanafalaki wa baadaye waliivunja safina ile, tanga likawa kundi peke yake. Ndani ya tanga hilo, mwaka 2000, wataalamu wa Geneva walitangaza sayari ya aina ya Mshtarii, iizungukayo nyota yake kwa siku 3 tu. Mwaka 2019, Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulipozitaka nchi zitoe majina, Kenya ilitoa ya Kijaluo: nyota ikaitwa Kalausi, yaani kisulisuli, na sayari Buruk, yaani vumbi.

Mvuvi wa omena wa Kisumu, aingiaye ziwani na karabai usiku wa giza, hawezi kuiona Kalausi kwa macho matupu; ni hafifu mno. Lakini mwezi wa Aprili, baada ya isha, akielekea kusini ataliona Tanga lenyewe limepanda juu. As-Sufi, kule Isfahan, aliliona kwa taabu, limeinamia upeo wa macho. Na hata hivyo alizihesabu nyota zake.