Leeuwenhoek, muuza vitambaa aliyeziona mbegu za kiume

Ndoa ikikaa bila mtoto, lawama humwangukia mke. Ataitwa tasa, atazungushwa kwa waganga, pengine atarudishwa kwao, na mume hajapimwa hata mara moja. Kipimo cha mwanaume kipo, na chanzo chake ni mfanyabiashara mmoja wa vitambaa.

Antonie van Leeuwenhoek alizaliwa mwaka 1632 katika mji wa Delft, Uholanzi. Hakusoma chuo kikuu. Alijifunza mwenyewe kusaga vioo vidogo na kutengeneza hadubini, kifaa cha kukuza vitu visivyoonekana kwa macho. Moja ya hadubini zake hukuza zaidi ya mara 200.

Mwaka 1677, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Johan Ham alimletea manii ya mgonjwa wa kisonono. Ndani mlikuwa na viumbe vidogo vyenye mikia. Ham alidhani vimeletwa na ugonjwa. Leeuwenhoek akapima manii yake mwenyewe, naye alikuwa mzima, akaviona vikiogelea. Hizo ndizo mbegu za kiume. Aliwaandikia wanasayansi wa Royal Society, London, lakini kwa kuwa jambo lilikuwa la aibu, aliwaachia waamue kulitangaza au kulificha. Walilitangaza.

Kuna jambo alikosea: aliamini mtoto hutoka kwa baba tu, na mama kazi yake ni kumlisha. Alifariki mwaka 1723 akiwa na miaka 90. Karl Ernst von Baer alikuja kuliona yai la mamalia mwaka 1827.

Leo mtaalamu wa maabara huhesabu mbegu hizo, huangalia mwendo na umbo lake. Mwanaume hujizuia tendo la ndoa siku 2 hadi 7, na sampuli hupimwa ndani ya saa 1. Majibu yakiwa mabaya, kipimo hurudiwa.

Karibu nusu ya wenza wanaokosa mtoto, tatizo lipo kwa mwanaume, peke yake au pamoja na la mke. Tiba hutegemea chanzo: maambukizi hutibiwa kwa dawa, mishipa iliyovimba kwenye korodani huweza kupasuliwa, na sigara na pombe huachwa. Mbegu mpya huchukua karibu miezi 3 kukomaa, hivyo subira inahitajika.

Mkimaliza mwaka 1 bila mimba, nendeni hospitali wote wawili, siku moja.