Miaka 16, utumwani, na mlima wa mawe



Mimi Mtakatifu Patrisi nilikuwa namjua kwa vitu viwili tu: nguo za kijani na nyoka. Kumbe alitekwa akiwa na miaka 16! Kwao ni Uingereza ya enzi za Warumi, baba shemasi, babu padre, lakini mwenyewe anakiri katika Ungamo lake kwamba Mungu hakumjua. Hapo nilishtuka. Nami nimekulia nyumba ya katekista, na kuna mwaka mzima nilienda Misa kwa sababu tu mama alikuwa ananiangalia.

Alichungishwa mifugo Ireland miaka 6, mvua na baridi vyote vyake. Huko porini ndiko alikoanza kusali, karibu mara mia mchana na usiku hivyohivyo. Akatoroka, akatembea kama maili 200 hadi kwenye meli, akafika kwao. Jamani, mimi nisingetoka tena! Yeye akarudi kulekule alikofanywa mtumwa, safari hii akiwa askofu.

Mapokeo yanasema mwaka 441 alifunga siku 40 juu ya Cruach Phádraig, mlima ulioko Mayo, magharibi mwa Ireland. Una mita 764 tu, kwa Kilimanjaro ni kichuguu. Ila usiudharau. Kutoka kijiji cha Murrisk unapanda mpaka begani, ndipo unakuta kituo cha kwanza, Leacht Benáin, rundo la mawe lenye jina la Benigno, mwanafunzi wake. Mahujaji hulizunguka mara 7, wakisali Baba Yetu 7, Salamu Maria 7 na Nasadiki. Baada ya hapo ni mawe matupu yanayoporomoka chini ya miguu, na wapo wanaopanda peku! Kileleni kuna kanisa dogo la mwaka 1905, karibu yake Leaba Phádraig, yaani kitanda cha Patrisi. Chini unaiona ghuba ya Clew imejaa visiwa.

(Nyoka nao inasemekana aliwafukuzia hapo. Wataalamu wanasema Ireland haikuwa nao. Sawa tu.)

Hija kubwa ni Jumapili ya mwisho ya Julai. Mimi nauli sina. Siku hiyo nitasali zile saba saba chumbani kwangu, mlango umefungwa, mama hayupo.